Ugali, maharage na makopo ya protini

Joto la hapa Doha linatuonea tu.

Leo nawaletea historia kidogo. Mdogo wangu ameniandikia mara tatu nimtumie makopo ya unga wa protini. Ameanza kukimbia, na kuna watu wamemwambia bila makopo hafiki popote. Hapa yamejaa madukani, lakini bei ya moja kubwa inanunua maharage ya nyumba nzima kwa wiki kadhaa.

Sasa sikilizeni. Agosti 2003, Stephen Cherono, kijana wa Keiyo, alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris. Alivaa jezi ya Qatar, na jina lilikuwa jipya: Saif Saaeed Shaheen. Septemba 2004 akaweka rekodi ya dunia, 7:53.63, iliyodumu mpaka 2023. Swali likawa lile lile la siku zote: hawa watu wa kwetu wanakula nini?

Mwaka huo huo wa 2004 jibu moja lilichapishwa. Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Mike Boit, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya 1972, walipima chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya kwa siku 7. Walikuta ugali, wali, viazi, kabichi, maharage, chai ya maziwa yenye sukari, na nyama siku chache tu. Protini ilileta asilimia 10 tu ya nguvu waliyokula. Hata hivyo ilifika gramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 78 kwa mtu wa kilo 60. Inatosha mkimbiaji.

Mwili huvunja protini vipande vipande, kisha hujengea misuli. Ikizidi haijengi zaidi. Inachomwa kama kuni au inageuka mafuta. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini, na maharage yanacho kwa wingi. Bibi zetu walipika githeri bila kusoma hayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kopo silitumi. Pesa nimempa mama aongeze maharage na maziwa. Usininunie. Ukiendelea na mazoezi mpaka Desemba, viatu ni juu yangu.