Bendera Hufuata Upepo, Tanga Huutangulia

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana hapo na ile inayoelekea Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita ikielekea Kapiri Mposhi nchini Zambia. Malori, mabasi, treni na bodaboda vyote hunywa dizeli au petroli. Juu ya mji huo huvuma upepo ambao wapimaji waliukuta ukiwa na wastani wa karibu mita 9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30, sawa na kilomita 32 kwa saa. Je, chombo kinachoendeshwa na upepo huo pekee kingeweza kwenda kasi gani? Wengi watajibu bila kusita: hakiwezi kuzidi kilomita 32. Jibu hilo linaingia akilini, lakini historia imelikanusha mara nyingi, baharini, kwenye barafu na nchi kavu.

Tuanzie pwani, ambako elimu ya upepo ni kongwe kuliko maandishi yetu mengi. Biashara ya Bahari ya Hindi ilijengwa juu ya misimu miwili: kaskazi ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikiyarudisha. Aliyeidharau kalenda hiyo alilipa. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na Mei 20 alikuwa Calicut. Kurudi hakungoja msimu. Bahari ile ile aliyoivuka kwa siku zisizofika 30 ikamshika karibu miezi 3, na mabaharia wake wengi wakafa njiani.

Kisa hicho humfanya msikilizaji aone kuwa upepo ndio bwana na chombo ni mtumwa wake. Manahodha wa pwani walijua zaidi ya hapo. Mtepe wa kushonwa kwa kamba, wenye tanga la mkeka la pembe nne, ulipenda upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma. Jahazi na mashua zenye tanga linaloning'inia kwenye foromali ziliweza kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo, na pale upepo ulipotoka omo, mbele ya chombo, nahodha alibisha: akakata bahari kwa mshazari, kushoto kisha kulia, hadi akafika. Ngalawa nayo, yenye matengo yake mawili, ambayo wanahistoria wengi huihusisha na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, hupata kasi yake nzuri upepo unapotoka ubavuni. Kwa kawaida haiupiti upepo, kwa kuwa maji huikaba. Hata hivyo kanuni ilikuwa tayari mikononi mwa wavuvi.

Kanuni yenyewe ni hii. Chombo kinachosukumwa kutoka nyuma hujinyima nguvu kadiri kinavyokimbia, maana kikikaribia kasi ya upepo tanga hulegea na msukumo unakwisha. Chombo kinachoukata upepo kwa pembeni hakikimbii chanzo cha nguvu yake. Dereva wa bodaboda anaujua upepo anaoutengeneza mwenyewe: siku isiyo na upepo wowote, akiongeza mwendo tu, koti linapepea. Chombo cha tanga kinachokwenda kwa mshazari huchanganya upepo wa safari na upepo wa angani, na mchanganyiko huo huwa mkali kuliko upepo wa angani peke yake. Mkuku au magurudumu huzuia kuteleza ubavuni, nacho chombo huchomoka mbele, kama mbegu mbichi ya tikiti iliyobanwa kati ya vidole viwili. Ukomo wa kasi hapo hauwekwi na upepo. Unawekwa na msuguano.

Ndiyo maana waliopunguza msuguano ndio waliovunja mwiko. Karibu na mwaka 1600, Simon Stevin, mhandisi aliyefanya kazi Uholanzi, alimtengenezea Mwanamfalme Maurice gari la matanga lililobeba abiria 28 ufukweni kutoka Scheveningen hadi Petten kwa muda usiofika saa 2, mwendo ambao farasi wasingeuweza. Karibu na mwaka 1830 reli ya Baltimore na Ohio huko Marekani ilijaribu behewa la tanga lililoitwa Aeolus. Kwenye Mto Hudson ulioganda, mashua za barafu zenye vyuma vya kutelezea zilikuwa zikienda kasi kuliko upepo bila ubishi, na inasimuliwa kuwa mwaka 1871 mashua iitwayo Icicle ilishindana na treni ya Chicago ikaishinda.

Rekodi za karne hii zimekwenda mbali zaidi. Novemba 24, 2012, Paul Larsen aliendesha chombo cha tanga Vestas Sailrocket 2 kwenye maji ya Walvis Bay, Namibia, kwa wastani wa kilomita 121 kwa saa katika umbali wa mita 500. Nchi kavu, Desemba 11, 2022, Glenn Ashby alizidi kilomita 222 kwa saa akiwa ndani ya gari la tanga Horonuku, kwenye ziwa kavu la Gairdner nchini Australia, katika upepo wa takriban kilomita 41 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mara 5.

Likabaki swali moja lililowagawa hata wasomi: je, chombo kinaweza kwenda moja kwa moja upande unakoelekea upepo, bila mshazari, na bado kiutangulie? Mwaka 1969 Andrew Bauer, mhandisi wa Marekani, aliunda kigari chenye pangaboi kubwa na kuonyesha kwamba inawezekana. Wengi hawakuamini. Mwaka 2010 Rick Cavallaro na John Borton, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha San Jose State, walikimbiza gari lao Blackbird kwa mara 2.8 ya kasi ya upepo. Mwaka 2021 bado profesa wa fizikia, Alexander Kusenko, aliweka dau la dola 10,000 dhidi ya Derek Muller, mtengenezaji wa video za sayansi, akisema haiwezekani. Alishindwa, akalipa.

Siri ni kwamba pangaboi la Blackbird halizungushwi na upepo. Magurudumu ndiyo yanayolizungusha, nalo linasukuma hewa nyuma. Chukua upepo wa kilomita 30 na gari la kilomita 40. Ardhi inapita chini ya gari kwa kasi ya 40, ilhali hewa inapita kwa 10 tu. Nguvu iliyochotwa mahali penye kasi ya 40 ikitumiwa penye kasi ya 10 hutoa msukumo unaokaribia mara 4, ukitoa kinachopotea njiani. Hakuna kinachozalishwa bure: kinachovunwa ni tofauti ya mwendo kati ya hewa na ardhi.

Tofauti hiyo imejaa tele kwenye miinuko ya Njombe. Milima na mashamba yake ya chai hayafai gari la matanga, kwani hakuna ziwa kavu la kulikimbizia. Lakini mtambo wa upepo ni chombo kile kile kilichofungwa mahali pamoja: panga lake huukata upepo kwa ubavu, na ncha yake kwa kawaida hukimbia mara 6 hadi 8 ya kasi ya upepo. Kwa upepo wa wastani wa Makambako hiyo ni zaidi ya kilomita 190 kwa saa, bila kwenda popote.

Umeme wake ndio unaoweza kusafiri. Uholanzi, alikofanya kazi Stevin, Januari 2017 treni za umeme za shirika la reli la NS zilianza kutumia umeme ulionunuliwa wote kutoka kwenye mitambo ya upepo, zikikimbia kuliko upepo uliokuwa ukiziendesha. Kenya ilizindua mitambo 365 ya Turkana mwaka 2019, yenye megawati 310. Mufindi, jirani na Makambako, mitambo mitatu ya Mwenga ilianza mwaka 2020 ikiwa na megawati 2.4. Mwaka 2024 treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa umeme wa gridi, kasi yake ikifika kilomita 160. Mradi wa Miombo Hewani, uliopangwa kufikia megawati 300 karibu na Makambako, umezungumzwa kwa miaka mingi.

Makambako ina upepo uliokwisha kupimwa, ina gridi ya kilovolti 220 na ina reli. Vitatu hivyo vinapitana katika mji mmoja bila kuunganishwa, huku TAZARA ikiendelea kuvutwa na dizeli. Hesabu ya fizikia ilimalizika zamani, na dau lililipwa. Hesabu iliyobaki ni ya mikataba, bei ya uniti na nyaya juu ya reli, na hiyo haiwezi kusingiziwa upepo.