Mbona theluji ya Kibo bado ipo?

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Old Moshi, mjomba wangu aliweka chini kata ya mbege, akanyoosha kidole kuelekea Kibo. "Nyie wasomi mlisema itaisha 2020. Mbona ipo?" Sikuwa na jibu la haraka. Leo najaribu kumjibu, nawe msomaji sikiliza.

Kwanza, mjomba si wa kwanza kubishana kuhusu theluji hii. Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona weupe kileleni. Mwongozaji wake aliuita "baridi" tu, na Rebmann akaelewa ni theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ubishi uliendelea hadi 1862, Karl Klaus von der Decken alipopanda na kuangukiwa na theluji. Mwaka 1871 Charles New alianzia hapahapa Moshi, kwa Mangi Rindi, akafika penye theluji yenyewe. Cooley alibishana na ramani zake. Wenyeji walikuwa wanajua siku zote.

Sasa twende kwa mjomba. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu ya Kibo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka. Hapo mjomba ana haki. Lakini tazama vipimo: mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Makadirio ya tarehe yalikosea, mwelekeo haukukosea.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi hulipenda. Watafiti kama Georg Kaser wameonyesha kwamba juu kule kuna baridi kali, hivyo barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Chanzo kikubwa ni hewa kuwa kavu na theluji mpya kupungua, hali iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19. Je, hiyo inafuta ongezeko la joto duniani? Hapana. Inamaanisha tu Kibo si kipimajoto kizuri. Ushahidi wa joto unatoka kwenye bahari, vituo vya hali ya hewa na barafu za mabara mengine.

"Basi sisi kosa letu nini?" mjomba angeuliza. Kwa hewa ukaa, dogo sana: Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya dunia. Lakini maji ya mifongo yetu hayategemei sana barafu. Yanategemea mvua inayonaswa na msitu, na huo msitu tunauchoma wenyewe. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani siku kadhaa.

Ndiyo maana suala la jikoni ni zito. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ila gesi ya mitungi tunaiagiza nje, bei ikipanda huko mama anarudi kwenye kuni. Kujitegemea kwa nishati na kulinda msitu ni kazi moja.

Kwa hiyo mjomba, barafu ipo, imebaki kidogo. Hiyo mimi na wewe hatuwezi kuirudisha. Msitu bado tunaweza.