Ugeuzaji wa XML kuwa matini

Kugeuza XML kuwa matini ni kuchukua data iliyofungwa ndani ya tagi na kuiandika upya kwa mpangilio ambao mtu anausoma bila msaada wa programu. XML ilipitishwa na shirika la W3C mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikapatikana XSLT, lugha ya kuandikia kanuni za ugeuzaji huo. Wengi huiona kazi hii kuwa ya usafi tu: futa tagi, bakiza maneno. Sivyo. Tagi imebeba maana, na anayeifuta ana wajibu wa kuirudisha maana hiyo kwa njia nyingine, iwe kichwa cha safu, nafasi au mstari mpya.

Ushahidi uko kwenye risiti. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD) mwaka 2010. Baadaye ikaja VFD, ambayo ni programu inayotuma risiti kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikiwa XML. Tuseme duka la vifaa vya uchimbaji pale Katoro, mkoani Geita, limemuuzia mchimbaji mdogo pampu mbili za kutolea maji kwenye duara, yaani shimo la machimbo. Mauzo hayo husafiri hivi:

<ITEM><ID>1</ID><DESC>Pampu ya maji</DESC><QTY>2</QTY><TAXCODE>1</TAXCODE><AMT>236000.00</AMT></ITEM>

Futa tagi, unabaki na "1Pampu ya maji21236000.00". Idadi, msimbo wa kodi na bei vimegandana. Laki mbili na thelathini na sita elfu imekuwa milioni ishirini na moja na ushee. Hakuna tarakimu iliyopotea, lakini hesabu imeharibika. Ugeuzaji mzuri hutenga jina, idadi na bei, huusoma msimbo 1 kuwa VAT ya asilimia 18, kisha chini huonyesha shilingi 200,000 kabla ya kodi na 36,000 za kodi yenyewe. Hata jina la duka lenye alama ya &, ambayo ndani ya XML huandikwa &amp;, lazima lirudi kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni.

Wapo wanaodai kuwa XML tayari ni matini, hivyo inatosha kuipanga mstari kwa mstari na kuzisogeza tagi za ndani kulia. Kwa fundi anayetafuta kosa, hoja hiyo ina nguvu. Kwa mteja haina. Yeye amenunua pampu, hakununua TAXCODE. Isitoshe, upangaji huo una hatari yake. Risiti hutumwa na saini ya kidijitali inayokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, na nafasi tupu moja ikiongezwa katika sehemu iliyosainiwa, saini hailingani tena. Wengine husema JSON, muundo mwingine wa kubebea data, imeizeesha XML. Huenda, ingawa faili za Word na Excel tangu toleo la 2007 zimejaa XML ndani, na JSON nayo hakuna anayemkabidhi mteja dirishani.

Kinachopangwa kwa ajili ya msomaji, basi, kiwe nakala. XML iliyosainiwa ihifadhiwe kama ilivyotumwa.