Insha, Muswada, Prufu

Barua ya chuo husema "mafunzo kwa vitendo". Wanafunzi wenyewe husema wanakwenda fildi, hata kama fildi yenyewe ni ghorofa ya tatu katikati ya Dar es Salaam, chumba cha habari chenye kiyoyozi kinachovuja. Serikali ina maneno yake, uanagenzi na utarajali, na wenzetu wa Kenya huenda atachimenti. Katika yote hayo mimi nimependa tarajali, tulilozoea kulisikia kwa madaktari na walimu. Taraji imo ndani yake: huyu ni mtu anayetarajiwa, bado hajawa, na hakuna wa kumcheka kwa kuwa hajawa. Magazeti na wachapishaji wa vitabu wangelichukua: mwandishi tarajali.

Tarajali huyo huja amebeba neno moja tangu shule ya msingi, nalo ni insha. Insha ina mwenyewe. Huandikwa na mtu mmoja, husomwa na mtu mmoja anayelipwa mshahara kuisoma mpaka nukta ya mwisho, hupata alama, mambo yakaisha. Sijui maandishi mengine yenye msomaji mvumilivu kiasi hicho. Kinachochekesha ni kwamba neno hili limewahi kuwa la ofisini hasa. Kwa Kiarabu ni kuunda, kutunga, na katika Misri ya Wamamluki idara iliyotunga barua za sultani iliitwa Diwani ya Insha. Al-Qalqashandi, karani wa idara hiyo aliyefariki mwaka 1418, aliwaandikia makarani wenzake kitabu kinene, Subh al-A'sha, kinachoeleza hata aina za kalamu na wino, namna ya kumwita kila mwenye cheo, na ukubwa wa karatasi anayostahili kuandikiwa. Hiyo ndiyo insha: barua yenye mpelekewa, itokayo kwenye ofisi yenye utaratibu. Sisi tukaichukua, tukaifungia darasani na mada za "Siku Nisiyoisahau".

Kwa hiyo siku za mwanzo kijana hunyang'anywa neno lake. Alichoandika, kwenye gazeti kinaitwa stori. Kwa mchapishaji wa vitabu kinaitwa muswada. Na muswada ni neno chafu, kwa maana nzuri. Asili yake ni weusi: karatasi iliyotiwa wino, ikakatwakatwa na kujazwa pembeni. Waandishi wa Kiarabu waliitenganisha na nakala safi, ambayo jina lake lilitokana na weupe. Bungeni tunalielewa neno hili vizuri zaidi kuliko chuoni. Hakuna mbunge anayetegemea muswada wa sheria utoke kwenye kamati bila kuguswa. Mwaka 2013, Tume ya Jaji Warioba ilipotoa rasimu ya kwanza ya Katiba mwezi Juni, kisha ya pili Desemba, hata vijiwe vya kahawa vilizungumza kuhusu "rasimu ya pili" kama jambo la kawaida. Lakini mwambie mwanafunzi wa mwaka wa pili akuletee rasimu ya pili ya makala yake, uone uso wake. Anadhani amefeli.

Anayemrudishia ni mhariri. Neno hili lina ukoo mkubwa. Herufi za mzizi wake wa Kiarabu ndizo zilizotupa huru na uhuru, na hariri ya kitambaa imeandikwa kwa herufi zilezile. Tahrir kwa Kiarabu ni kuhariri na pia ni kukomboa, ndiyo maana uwanja maarufu wa Cairo na safu ya tahariri ya gazeti lako la asubuhi vina jina moja. Tarajali ambaye stori yake ya maneno mia tisa imerudi ikiwa na mia nne haoni ukombozi wowote hapo. Aangalie basi kilichoondoka. "Ikumbukwe kwamba" imekwenda, mhadhiri aliipenda sana. "Katika hali isiyo ya kawaida" imekwenda, kwa sababu kilichofuata kilikuwa ajali ya bodaboda. "Kwa upande wake" zilikuwa tatu, imebaki moja. "Kufuatia mvua hizo" imekuwa "kutokana na mvua hizo", na hapa kuna wahariri wasanifu ambao wako tayari kukosa chakula cha mchana wakieleza kwa nini. Nawaunga mkono.

Mhariri msanifu ndiye anayempa kijana somo ambalo silabasi hailigusi. Gazeti moja huandika "Dk", jingine "Dkt". Moja huandika "muswada", jingine, hasa kule Kenya, "mswada". Tarajali atauliza lipi ni sahihi, kwa sababu shuleni kila kitu kina vema au kosa. Ataambiwa: hapa kwetu tunaandika hivi. Jibu hilo linakera, lakini neno istilahi lenyewe limelisema zamani, maana limetoka mzizi mmoja na suluhu na maslahi. Ni mapatano. Bakita, iliyoanzishwa mwaka 1967, husanifu istilahi kwa ajili ya taifa zima. Dawati la usanifu hupatanisha za kwake kila jioni, kabla kurasa hazijakwenda mtamboni. Prufu ikishatoka, anayesoma hatafuti tena uzuri. Anatafuta kama "Dk" ya ukurasa wa 3 imekubaliana na ya ukurasa wa 11.

Lipo pia neno kanjanja. Kijana hulisikia siku ya kwanza anapopelekwa kwenye mkutano na waandishi, ambako wapo watu wenye daftari lakini hawaandiki, wanaosubiri bahasha. Nalo huelezwa kwa nusu sauti, na haraka.

Kisha siku inafika, stori inatoka. Kijana anafungua gazeti na kukuta juu yake "Na Mwandishi Wetu". Mama yake atapiga simu kuuliza, "Mwanangu, jina lako mbona silioni?" Mama ataridhika akielezwa. Msimamizi kutoka chuoni ni mgumu zaidi, anataka ushahidi wa kubandika kwenye ripoti ya fildi. Basi mhariri hutakiwa atoe barua ya kuthibitisha kwamba Mwandishi Wetu wa ukurasa wa 6 ni mwanafunzi huyu. Barua yenyewe, kama ilivyo desturi, kijana huambiwa akaiandike mwenyewe ailete isainiwe. Itarudi na wino mwekundu.