Mwezi ulivyowaponza watu wa Athens

Haya wadau, kule hosteli juzi tulibishana mpaka saa saba usiku: kwa nini mwezi unaonekana kipande? Watu wazima, mwaka wa tatu, na jibu la wengi likawa "kivuli cha dunia". Hapana bwana. Kivuli cha dunia ni kupatwa kwa mwezi, hicho kitu kingine. Siku za kawaida jua linamulika nusu ya mwezi, sisi huku tunaiona nusu hiyo kwa pembe tofauti kadiri mwezi unavyotuzunguka.

Mimi na historia yangu nikawapa mkasa wa Agosti 413 K.K. Jeshi la Athens lilikuwa limeuzingira mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, likashindwa, na maradhi yanawamaliza kambini. Jemadari wao Nicias alikataa kurudi kwa muda mrefu, akihofia kushtakiwa nyumbani. Mwishowe akakubali waondoke kimyakimya kwa merikebu. Walipokuwa tayari tu, mwezi mpevu ukapatwa! Waaguzi wakasema wasubiri mara tatu siku tisa, yaani siku 27. Nicias akasema kabla ya hapo hataki hata mjadala.

Adui hakusubiri. Akaziba mlango wa bandari, jeshi likatoroka kwa miguu, likakamatwa. Nicias aliuawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakarundikwa kwenye machimbo ya mawe.

Kinachouma ni kwamba Anaxagoras alishaishi Athens hiyohiyo na kufundisha kuwa mwanga wa mwezi unatoka kwa jua. Akaambulia mashtaka ya kumkufuru Mungu wao wa jua (eti alisema jua ni jiwe la moto), akaishia uhamishoni. Plutarch anaandika kwamba watu wa kawaida walishaanza kuelewa kuwa jua hufunikwa na mwezi. Ila mwezi mpevu, usiku, unafunikwa na nini? Swali zuri sana hilo, maana kinachoufunika hukioni angani: umekikanyaga. Mwezi ukiwa mpevu dunia iko katikati yake na jua. Haupatwi kila mwezi kwa sababu njia yake imeinama kama digrii 5, mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli.

Halafu Plutarch huyohuyo anamnukuu Philochorus, aliyekuwa mwaguzi mwenyewe: kwa mtu anayetoroka, mwezi kupatwa ni ishara njema. Anayekimbia anataka giza.