Bei ya Kioo: Sura Moja ya Historia Yetu Toronto

Ndugu na jamaa wapenzi, mlioko Mombasa, Maskati, London na hapa Kanada,

Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike machache juu ya kuosha madirisha ya maduka, kazi iliyowalisha wengi wa ukoo wetu walipofika Toronto. Nimekubali, ingawa historia hiyo haielezeki kwa ukweli bila ya kulitaja kosa langu. Wazee wanalijua. Vijana wamelisikia nusunusu, na habari ya nusu huzaa uvumi.

Nilifika Aprili 1992. Uchumi wa Kanada ulikuwa umedorora tangu 1990, na viwanda vingi vya Ontario vilikuwa vimepunguza watu. Kaka yangu, mwana wa baba mkubwa, alikuwa amenitangulia kwa miaka minne. Alinipokea uwanja wa ndege, akanipa kitanda, akanifunza kazi yake. Alikuwa na maduka 14 katika barabara ya Danforth, mtaa uliojulikana kwa maduka na mikahawa ya Wagiriki, akiyaosha kila baada ya wiki mbili.

Vyombo vyetu vilikuwa ndoo, sponji, ngazi fupi, na ile raba yenye mpini ya kukaushia maji kiooni. Raba hiyo nayo ni kazi ya mhamiaji. Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani, aliisajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1936 huko California. Kabla yake waoshaji walihangaika na vyombo vizito vya chuma. Mkono wa raba niliujua baada ya wiki tatu. Bei sikujifunza.

Kwetu bei ni mazungumzo. Pale Marikiti muuzaji hutaja kubwa, mnunuzi hucheka, wakakutana katikati. Toronto mwenye duka aliuliza mara moja tu, na neno lililotoka kinywani likawa ndiyo bei ya miaka. Tena mimi kila dola niliigeuza kichwani kuwa shilingi. Dola 4 kwa kazi ya dakika 20! Nani Mombasa angezikataa?

Mwezi wa Septemba mwenye duka mmoja, mteja wa kaka, aliniuliza ningetoza kiasi gani nikifanya kazi kwa mkono wangu. Kaka alikuwa akitoza dola 8. Nilisema 4. Habari ilikimbia kutoka mlango hadi mlango, na kabla mwezi haujakwisha, maduka 9 kati ya yale 14 yalikuwa yangu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaumwa. Kaka hakunigombeza. Aliendelea kuniandalia chakula, lakini hakula nami tena.

Tazameni basi faida niliyoipata. Maduka 9 kwa dola 4 ni dola 36. Mmoja hakulipa, zikatoka 4. Nauli, sabuni na raba mpya zikachukua 5. Zilibaki 27 kwa saa 5 za kazi na kutembea, yaani dola 5.40 kwa saa. Mshahara wa chini wa kisheria Ontario wakati ule ulikuwa dola 6. Nilikuwa nimemnyang'anya ndugu yangu riziki ili nijilipe chini ya kiwango ambacho hata tajiri mkali asingethubutu kunilipa.

Mwezi wa Novemba nilikwangua rangi iliyokauka kwenye kioo cha duka moja kwa wembe mkavu, nikakichora michoro mirefu. Mwenyewe alidai dola 400. Sikuwa na bima. Kaka alilipa nusu, kisha usiku ule akafungua daftari lake mbele yangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema, na mimi sikuwa na daftari.

Ndipo nilipofahamu kuwa zile dola 8 hazikuwa bei ya kioo peke yake. Kaka hakuhesabu maduka. Alihesabu vioo, ndani na nje, na dakika za kila kimoja. Duka la vioo vinne na mlango lilikuwa la dakika 20, na dakika 4 za kuhamisha ndoo na kudai fedha. Kwa dola 20 za saa, dakika 24 ni dola 8 kamili. Na zile 20 hazikuwa za ulafi. Ndani yake mlikuwa na bima, vyombo, nauli, mteja asiyelipa, na akiba ya miezi ya baridi, wakati maji huganda kiooni yasipotiwa spiriti na wenye maduka wengi husema ngoja mpaka theluji iyeyuke. Bei yake ilikuwa imebeba mwaka mzima. Yangu ilibeba njaa ya siku moja.

Mwaka 1993 wazee walituita nyumbani kwa shangazi, Scarborough. Niliamriwa niwarudishe wateja. Watano walikubali kurudi kwa dola 7. Wanne walikwenda kwa mtu mwingine wa bei ndogo. Dola 8 hazikuonekana tena katika mtaa ule mpaka 1997.

Siku hiyo ukoo uliweka masharti matatu. Asiingie mtu katika mtaa wa nduguye bila ya kumuuliza. Mgeni asitaje bei peke yake katika mwaka wake wa kwanza. Aende na mwenyeji. Na asitoe mtu bei ya kazi iliyo juu zaidi ya ngazi yake. Sharti la mwisho wengine waliliona ni la woga. Tarehe 24 Desemba 2009 jukwaa la kuning'inia lilivunjika kwenye jengo refu hapa Toronto, na wahamiaji wanne waliokuwa wakitengeneza roshani wakafa. Tangu hapo sijasikia mtu akilicheka.

Wengi wenu leo hamshiki ndoo. Mnasuka nywele, mnaendesha teksi, mnatengeneza kompyuta. Lakini kila mgeni huulizwa lile swali: utatoza kiasi gani? Msijibu kwa njaa, wala msijibu kwa shilingi. Na mkiwa wenyeji, mfungulieni mgeni daftari siku ya kwanza, asije akajifunza kwa kuwaumiza.

Kaka atakuwapo mkutanoni. Nilimwomba radhi faraghani miaka mingi iliyopita, naye alinisamehe. Kosa lakini lilifanyika mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo leo naliandika mbele ya ukoo mzima: kaka, niwie radhi.

Wasalaam.