Dhahabu ya Kilwa Iliyoko Lisbon

Anayepanga kuitembelea Lisbon kwa siku tatu huambiwa na karibu kila aliyewahi kufika huko aanzie Belém, kule mto Tagus unakoikaribia bahari, penye mnara wa mawe meupe na monasteri kubwa ya Jerónimos. Ushauri huo si mbaya. Lakini kwa msomaji wa pwani yetu, au yeyote aliyefundishwa historia ya pwani hii, nina pendekezo jingine. Anza katika mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kwa sababu humo imo dhahabu ya Kilwa.

Kitu chenyewe ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyesha Ekaristi mbele ya waumini. Kimo chake ni kama sentimita 73. Mitume 12, kila mmoja amepakwa rangi za kung'aa, wamepiga magoti kulizunguka bomba la kioo lililo katikati, na juu yao vinapanda vinara vyembamba kama vya kanisa. Kwenye mguu wa chombo kuna matufe yaliyokuwa nembo ya Mfalme Manuel I wa Ureno. Na kwenye kitako, pembeni kabisa, yamezunguka maandishi yanayosema kwamba mfalme huyo aliamuru chombo kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Ukweli haukufichwa. Ulichongwa kwa majivuno, ukaachwa usomwe na vizazi.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na kwa muda mrefu waliotawala biashara ya Sofala walikuwa masultani wa Kilwa. Biashara hiyo ndiyo iliyoujenga mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuuhesabu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Ndiyo iliyolipia jumba la Husuni Kubwa na kuba za Msikiti Mkuu.

Julai 1502 baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga mbele ya kisiwa cha Kilwa akiwa na kundi la merikebu zenye mizinga. Hii ilikuwa safari yake ya pili ya kwenda India, na safari hii hakuja kuuliza njia. Mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, alitakiwa akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kodi kila mwaka, la sivyo mji ungepigwa. Alilipa. Dhahabu ikafika Lisbon mwaka 1503, na mfalme akaagiza ifuliwe chombo cha ibada. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Wakati chombo kingali kikitengenezwa, Julai 1505, kamanda Mreno Francisco de Almeida alifika Kilwa na kikosi kikubwa, akauteka mji na askari wake wakaupora. Mwezi uliofuata waliichoma Mombasa. Kodi iliinunulia Kilwa amani ya takriban miaka mitatu tu.

Nasisitiza kuanzia hapa kwa sababu ukishakiona chombo hicho, Belém utaitazama kwa macho mengine. Kutoka karibu na makumbusho unapanda tramu namba 15 inayofuata ukingo wa mto hadi mbele ya monasteri. Ujenzi wa Jerónimos ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 ukachukua takriban miaka 100, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na ushuru uliotozwa kwenye bidhaa za Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kama kamba za merikebu, majani na viumbe vya baharini. Ni jengo zuri mno, na uzuri huo sioni sababu ya kuukana. Mafundi wake walikuwa mabingwa. Manuel aliiachia monasteri hii ile monstransi katika wosia wake. Ndani, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama katika kaburi la mawe, na upande wa pili yuko Camões, mshairi aliyemtukuza. Simama hapo kidogo. Da Gama ndiye aliyeng'oa nanga katika ufukwe huohuo wa Belém tarehe 8 Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498 na kuondoka kwa uhasama, kisha akapokelewa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Malindi bado ina nguzo yake, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Lisbon.

Mnara wa Belém, uliokamilika karibu na 1520, hauhitaji muda mrefu. Mnara mwingine ulio jirani, ule wa 1960 wenye umbo la merikebu na mabaharia waliojipanga, ulijengwa na serikali ya kidikteta ya Salazar ili kuusifu ukoloni uliokuwa ukikaribia mwisho. Upite tu. Vikeki vya mayai na maziwa vinavyouzwa Belém tangu 1837 vinastahili foleni yake.

Siku ya pili ni ya mji wa kati, na hapo lazima uijue tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani. Ardhi ilitetemeka, bahari ikarudi nyuma kisha ikaufunika ukingo wa mto, na mishumaa iliyoanguka ikawasha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Jumba la mfalme kando ya mto liliangamia pamoja na maktaba yake, na pia Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya pilipili na dhahabu kutoka bahari yetu. Waziri aliyejulikana baadaye kama Marquis wa Pombal alisimamia ujenzi mpya: barabara zilizonyooka, nyumba za urefu mmoja, na ndani ya kuta fremu ya mbao iliyokusudiwa kuhimili mtikisiko. Ukitembea Baixa, huo mji wa kati, leo uko ndani ya mpango huo.

Panda kutoka Baixa hadi uwanja wa Carmo. Kanisa la watawa lililopo hapo halikuezekwa tena baada ya tetemeko. Matao yake yamebaki wazi chini ya mbingu. Wengi hupiga picha wakaondoka, wasijue habari ya kambi ya askari iliyo jirani. Humo ndimo Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, alimojificha na kusalimu amri tarehe 25 Aprili 1974. Maofisa vijana waliompindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea na Msumbiji, na vita vya Msumbiji viliendeshwa kutoka kwetu. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu hapohapo Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mtanzania anayesimama Carmo anao mchango katika yaliyotokea pale, na anayo haki ya kulijua hilo.

Siku ya tatu ipe Alfama, mtaa mkongwe wa vichochoro chini ya ngome ambayo Wakristo waliitwaa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya njia zile ni laini na vilima ni vikali. Karibu na kanisa kuu, lililojengwa mahali pa msikiti, kuna Aljube, gereza la wafungwa wa kisiasa ambalo tangu 2015 ni makumbusho. Agostinho Neto wa Angola aliwahi kufungwa humo. Ukilazimika kuchagua kati ya Aljube na tramu namba 28 iliyosongamana watalii, chagua Aljube.

Viza ya Schengen iombe mapema, miezi kadhaa kabla ya safari. Makumbusho ya Janelas Verdes na monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, na majengo haya ya kale hufungwa pia kwa ukarabati. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, hakikisha kwanza kwamba chumba chenye dhahabu ya Kilwa kiko wazi.